Bega Katika Mlango wa Pijo

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikianza sitaki kukatizwa. Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, siku ya Ijumaa, hapa Mbarara, nikiwa na akili zangu timamu na nyundo mkononi.

Mimi ni Mkongomani, mama wa watoto wawili. Watoto wako kwa mama yangu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kijiji cha Misiera, na mimi siku za kazi nalala Nyamitanga, hapa mjini. Nilikuwa najifunza kunyoosha bodi za magari kwa Fundi Hamidu. Ndiyo, mwanamke! Wanaume wa gereji walinicheka mpaka wakachoka. Fundi hakucheka.

"Funga macho, mama," aliniambia. "Rangi inadanganya. Sikia na mkono."

Basi unapitisha kiganja juu ya bati polepole, unatafuta palipobonyea. Kisha chuma kizito kwa nje, nyundo kwa ndani, unagonga kidogo kidogo mpaka bati lirudi fasi yake.

Likaletwa gari, Pijo nyeupe ya zamani, ya miaka ya baba zetu, imetunzwa mpaka inang'aa. Mwenyewe mfanyabiashara, tumbo mbele. Mlango wa dereva ulikuwa umeingia ndani vibaya.

"Ng'ombe alinigonga," akasema. "Nataka ikuwe kama mpya. Na haraka."

Ng'ombe? Ng'ombe wa huku wana pembe ndefu kuliko mikono yangu, na bati halikuwa na mkwaruzo hata mmoja! Nilimtazama usoni, akaangalia pembeni. Lakini Fundi alinikabidhi mlango ule niufanye peke yangu, mara ya kwanza. Nikiutoa vizuri, nimekuwa fundi. Nikiuharibu, narudi kambini kulima. Nikafunga mdomo.

Sasa sikiliza. Wiki mbili kabla ya hapo tulizika Misiera mama mmoja Mrundi, Mama Divine, muuza nyanya. Gari liliteleza kwenye tope la barabara ya Nakivale saa moja asubuhi, likamchukua kwa ubavu, likakimbia. Likamwacha pale kama gunia! Mimi sura yake sikuijua, nilifika mazikoni sanduku limeshafungwa. Wanawake waliomwosha ndio walisema mbavu na bega vilikuwa vimesagika. Gari lenyewe hakuna aliyeliona, ni alama za matairi tu kwenye tope.

Ijumaa ile wanaume wote walikwenda msikitini, nikabaki peke yangu. Sehemu ya chini ya mlango nilikuwa nimeshainyoosha. Nikafumba macho, nikapitisha kiganja juu. Niamini, bati lilikuwa la moto, na gari lilikuwa kivulini. Joto la mwili wa mtu mwenye homa.

Nikafumbua macho. Mama mmoja amesimama mbele yangu, kitenge kichwani, miguu ina tope bichi jekundu. Tope! Na mvua haikuwa imenyesha siku nne.

"Karibu, mama," nikasema. "Fundi ameenda kusali."

Aligeuka, akaegemea mlango. Bega lake likaingia mle palipobonyea, likajaa, pasibaki nafasi hata ya kidole. Hapo nikajua ni nani.

"Mbavu umeshazinyoosha," akasema kwa sauti ya chini. "Bega uliache. Ni langu."

Nyundo ikaniponyoka. Nilipoinama kuiokota na kuinuka, hapakuwa na mtu. Palikuwa na tope sakafuni, mbele ya mlango tu. Nyayo za kuja hakuna, za kuondoka hakuna.

Niliogopa? Niliogopa, mingi! Lakini hasira ilinipanda kuliko woga. Utaniuliza kwa nini sikwenda polisi. Niwaambie nini, kwamba marehemu amekuja kupima mlango? Na mimi mkimbizi, yule mtu mkubwa wa mji? Basi nikafanya jambo ambalo fundi wa kweli halifanyi, tena kwa gari la zamani. Bega sikuligonga. Nilipaka mastiki juu yake, ule uji mzito wa kuzibia mabonde kabla ya rangi, nene kama ugali, nikaipiga msasa mpaka kiganja cha Fundi mwenyewe kikapita bila kushtuka. Chini yake bati lilibaki limebonyea vilevile. Niliharibu kazi kwa makusudi na moyo wangu ukafurahi. Nikasema kimoyomoyo: Mama Divine, mlango wako huo, na mtu wako huyo.

Mwenye gari alikuja, akajitazama kwenye rangi mpya. "Kazi safi, mama! Ng'ombe ameisha kabisa!" Akaondoka anapiga honi.

Siku ya nne tangu achukue gari walimkuta kwenye barabara ya Nakivale, palepale Mama Divine alipoangukia. Gari limesimama, injini inanguruma. Hakuna gari jingine, hakuna mti. Mlango umeingia ndani, umembana kwenye kiti. Mastiki ilikuwa imedondoka chini. Bega lake lilisagika, na mkono ule hauinuki mpaka leo. Alikuwa analia kama mtoto, akasema yote mbele ya watu: ile asubuhi, lile tope, alivyokimbia. Lakini mbavu zake? Hata moja haikuvunjika.

Nilipopata habari nilicheka kwa sauti. Nikanunua na soda. Kesho yake, saa moja asubuhi, nikasikia kitu kimenigonga ubavuni, nikaanguka chini. Hakuna aliyenigusa. Tangu hapo ni kila siku, saa ileile, mwaka wa pili huu. Hospitali wamepiga picha mara tatu, wanasema mbavu ni nzima. Nzima! Zile mbavu nilizinyoosha mimi kwenye mlango, hazikuweza kumfikia mwenye gari, zikanirudia mimi.

Nilikwenda kaburini kumwambia, mama, unisamehe, sikujua. Neno halikutoka. Nilijua. Tangu mwenye gari alipotaja ng'ombe nilijua anadanganya, na nikashika nyundo.

Kwa hiyo wewe fundi, gari likija limebonyea, uliza limegonga nini. Ukijibiwa uongo, liache hapohapo lilipo, hata kama ndiyo kazi yako ya kwanza. Mimi sasa ni fundi kweli, wateja ninao, watoto wanakula. Ila njoo baada ya saa mbili asubuhi. Kabla ya hapo utanikuta niko sakafuni.