Jina la Nyambizi, Jina la Eliya

Asubuhi ile mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Mdogo wangu Eliya aliketi mlangoni akishona kiatu chake kwa waya, na mama akamcheka: "Fundi, utazeeka na hicho kiatu." Furaha, kitinda mimba wetu, alikuwa bado wa kubebwa.

Mchana walikuja wenye bunduki.

Baba na mama waliuawa uani. Nilimfunga Furaha mgongoni, tukakimbilia mtoni, Eliya akiwa mbele.

Kivukoni wenzao walikuwa wanachagua wavulana.

Wakamchukua Eliya. Kiatu kimoja kilibaki matopeni.

Sikurudi shuleni tena. Nilimlea Furaha kambini, kisha hapa ugenini, Granville, kwa kazi ya ghala kule Smithfield. Sasa ana mimba, na anataka mtoto aitwe Eliya. Kwetu mtoto hupewa jina la mjomba aliyekufa, si la aliye hai. Kulitoa ni kumzika, na Eliya hatujamwona amekufa. Nilikataa.

Jumamosi alinipeleka bandarini. Jeshi la majini lilikuwa limefungua nyambizi yake kwa wageni. Baharia mstaafu aliyetuongoza alisema hiyo ni ya tatu kuitwa jina lililoandikwa ubavuni mwake. Ya kwanza ilizama vitani na watu wake wote. Ya pili ilizeeka, ikauzwa kama chuma chakavu.

"Muulize," nilimwambia Furaha, "ile ya kwanza waliipata ndipo wakatoa jina?"

Aliuliza kwa Kiingereza, kisha akanigeukia mimi mkubwa wake. "Haijapatikana hadi leo, Yaya. Hawakungoja."

"Hicho ni chuma. Chuma hakirudi nyumbani kikakuta jina lake limechukuliwa."

Furaha hakutafsiri hayo. Mzee aliendelea kusimulia, naye Furaha akanieleza polepole: siku nyambizi ya pili ilipoingizwa majini alikuja mama wa baharia mmoja wa ile ya kwanza. Watu walipiga makofi. Yeye hakupiga.

"Alikuwa bado anamngoja mwanawe?"

"Mpaka alipokufa. Kila jioni alimwekea sahani."

Nyumbani kwangu pia kuna sahani ya Eliya. Furaha amekula kando yake tangu utoto.

Ndani ya treni Furaha aliweka mkono tumboni, nami nikamwona mtoto wake naye akila kando ya sahani ile. Hakuniomba tena.

"Mwite Eliya," nilisema.

Aliniegemea begani akilia. Mimi sikulia. Nilikuwa nimemzika mdogo wangu bila mwili, bila wimbo, mbele ya abiria wanaotazama simu zao. Waliomchukua hawajaulizwa na mtu.

Jioni ile niliandaa sahani mbili, yangu na ya Furaha.