Babu na Pipa la Saba

Kabla hujanicheka, jua kwamba sijaonja pombe tangu nibatizwe kule Uvira, na hilo ndilo linaloniuma zaidi katika kisa hiki. Watu wakisema nilikuwa nimelewa, huwa nawauliza: nimelewa kwa nini, kwa harufu? Haya yalinipata mimi mwenyewe, saa tisa alasiri, mwaka 2015, katika ghala moja la Jacobs, kusini mwa Durban, ambako nilikuwa natengeneza wiski.

Ndiyo, shemasi anayetengeneza wiski. Maneno yote nimeshayasikia. Mke wangu alikuwa akinipokea mlangoni kwetu Cato Manor kwa pua kabla ya salamu. "Papa Neema, uko unanuka tena." Nami kila siku naeleza: harufu inakaa kwenye nguo, haikai tumboni. Nani anasikia?

Mwenye kiwanda alikuwa mzee Fergus, mtu wa Ireland, na wiski yake aliipika kama walivyopika kwao. Shayiri nyingine imeoteshwa, nyingine mbichi, zinasagwa pamoja, zinachachushwa, kisha zinapikwa mara tatu katika mitungi ya shaba. Mara tatu! Waskoti wapike mbili, alikuwa akisema kwa dharau. Halafu inalala kwenye pipa la mbao miaka mitatu isiyopungua. Kabla ya hapo si wiski, ni kinywaji kikali tu. Na hata itoke tamu namna gani, sheria haikumruhusu kuiita ya Ireland, kwa sababu imepikwa Durban. Hilo lilimkasirisha kila Jumatatu upya.

Kazi ngumu ni kukata. Kinachotoka kwanza mtunguni kinaitwa kichwa: kinanuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, na ni sumu. Kinachofuata ni moyo, hicho ndicho kinachowekwa. Cha mwisho ni mkia. Anayejua dakika ya kukata ndiye mpishi. Mimi niliijua kwa pua tu, bila kuonja, maana nimekulia kando ya mtungi wa mama yangu, ambaye mpaka leo anapika kanyanga, ile gongo yetu ya mahindi. Mama hauzi ile ya kwanza. Anasema inapofusha. Anaimwaga kizingitini kwa ajili ya babu yetu aliyekufa zamani: "Babu, yako hii. Ya kwanza ni ya wakubwa." Sisi watoto tuliona ni heshima kubwa.

Siku Fergus aliponiachia nikate mwenyewe kwa mara ya kwanza, kujaza pipa la saba, furaha ilinizidi. Mkono ukafanya kazi yake kabla shemasi hajauzuia. Nikachota kikombe cha kichwa, nikamwaga kizingitini mwa ghala. "Babu, yako hii." Fergus hakuona. Aliniambia tu kwamba pipa hilo likitoka zuri baada ya miaka mitatu, mitungi itakuwa yangu, yeye magoti yamemchosha. Niamini, sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka hicho. Nilikuwa nimeosha vichwa vya watu saluni, nimelinda magari juani. Hatimaye nimepata kazi ya nyumbani kwetu.

Sasa, pipa lolote hupungua. Mbao zinapumua, na kinachopotea Fergus alikiita fungu la malaika. Kwa joto la Durban, malaika wetu ni walevi kweli. Lakini mapipa mengine yakipungua kidole, la saba linapungua shibiri. Tulitafuta linapovuja, tukakaza pete za chuma, tukapapasa chini. Kukavu. Kila mwisho wa mwezi Fergus alichomoa ufito wa kupimia, akautazama, kisha akanitazama mimi. Wenye ufunguo tulikuwa wawili tu. Macho utayajibu nini?

Ilibaki wiki moja miaka mitatu itimie. Fergus alikuwa ametoka, na umeme ukakatwa kwa zamu kama ilivyokuwa mwaka ule. Ghala halina madirisha. Nikafungua mlango, nikaingia na tochi ya simu kulitazama pipa langu. Mtu alikuwa amelikalia.

Alivaa koti jeusi, miguu mitupu. Nikadhani ni mzee wa barabarani aliyetafuta kivuli, ingawa ufunguo ulikuwa mkononi mwangu.

"Eish, mzee, umeingia namna gani? Toka, utanifukuzisha kazi!"

"Ni weye uliniita," akasema, kwa Kiswahili cha kwetu kabisa. "Uliniitia ku mulango, nikakuja."

Nikammulika. Macho yake yalikuwa meupe kama maziwa. Na mkononi alishika kikombe cha bati chenye ukingo uliobanduka, kile cha mama cha kumwagia, kilichopotea tulipokimbia vita.

"Babu?"

"Miaka yote munanipatia ya kwanza. Bibi yako, kisha mama yako, sasa weye. Ile mubaya ni ya mimi, ile muzuri ni ya wageni. Angalia macho yangu."

Hapo ndipo mwili uliponisisimka. Maana sote tulijua kwamba inapofusha. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza inamfanya nini aliyekufa.

Utaniuliza kama nilikemea pepo. Nilikemea, mara mbili, kwa sauti. Alingoja nimalize. Kisha nikakasirika, hasira ya kweli. "Babu, imebaki wiki moja! Mzee Fergus anafikiri ni mimi niko mwizi. Niko nakuomba, achia hii pipa."

"Nipatie kikombe moja ya katikati, kwa mukono yako. Nitaacha."

"Haijafikisha miaka tatu. Haijakuwa wiski."

Akacheka. "Weye ndiye wa kunihesabia mimi miaka?"

Ungefanyaje? Nilichukua mrija ukutani, nikang'oa kizibo, nikachota, nikamjazia. Alikunywa polepole. "Hii ulikata muzuri," akasema, na nakiri nilijisikia fahari. Papo hapo umeme ukarudi, na Fergus alikuwa amesimama mlangoni. Babu hakuwepo, kikombe hakikuwepo. Nilikuwepo mimi, mrija mkononi, shati limelowa wiski.

Nikasema, "Ni babu yangu." Fergus akanyoosha mkono, akadai ufunguo.

Baada ya majuma kadhaa alikuja mwenyewe Cato Manor. Tangu niondoke, pipa la saba halikupungua kuliko mengine. Unaona? Babu alitimiza ahadi yake, na ahadi ikanitia hatiani. Fergus alikuwa ameionja, akasema hajawahi kupika kitu kama kile. Alinitaka nirudi, mitungi iwe yangu, kwa sharti moja: nikiri kwamba nilikuwa nakunywa. Mwizi aliyekiri anaweza kufanya naye kazi, alisema. Mwongo hapana.

Mke wangu akanifinya. "Kiri, Papa Neema. Watoto watakula babu?"

Nikakiri. Nilikiri wizi nisioufanya, wa pombe nisiyoijua ladha yake. Kanisani wakasikia, ushemasi ukaisha. Wanasema heri lawama kuliko fedheha. Mimi nilipewa zote mbili. Leo Fergus huwaleta wageni, ananishika bega, anawasimulia habari za mwizi mwenye pua bora Durban nzima. Wanacheka. Nami nacheka.

Kila nikikata naweka kikombe cha moyo kizingitini. Fergus akikiona ananikonyeza. Asubuhi nakikuta kikavu.

Kwa hiyo wewe unayewamwagia wafu kile ambacho usingekunywa mwenyewe, shika adabu. Wanapokea. Toa kilicho kizuri, au funga mdomo usimwite mtu.

Mwezi uliopita nilimwona tena, mchana, kando ya mitungi. Jicho moja limeanza kuwa jeusi. Alinitazama sawasawa, akauliza: "Na mama yako, angali anapika?"

Tangu siku hiyo napiga simu Uvira kila jioni. Namsihi mama amwage ile ya katikati. Anacheka, ananiambia ya katikati ni ya wateja.