Baba Alipojifunza Kusuka

Chumba chetu cha Kariakoo kilinuka mafuta ya mikaratusi. Baba alimsugua mama mkono na mguu wa kulia kila asubuhi kabla ya kutoka barazani kwenye cherehani yake, na harufu ile ilibaki kwenye shuka, kwenye sare yangu ya shule, hata kwenye chai. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, miaka ya kupanga foleni ya sukari na sabuni, na masika ya mwaka ule hayakutaka kwisha. Maji yalituama uani, na wapangaji wenzetu walijifungia vyumbani mwao. Mama alikuwa ameanguka akichambua mchele. Kiharusi kilimlaza upande mmoja, kikamnyang'anya maneno. Mimi nilikuwa mtoto wao pekee, na ndugu zetu wote walikuwa Kilimanjaro.

Mwanzoni watu wa kanisani walikuja wengi. Waliimba, wakapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, wakaomba mama ainuke. Mama hakuinuka. Walirudi tena na tena, na kila mara niliukodolea macho mguu wake, nikisubiri utikisike. Jumapili moja, baada ya maombi, mzee mmoja wa kanisa alimgeukia baba akasema kwa upole, "Ndugu yangu, jichunguzeni. Pengine kuna jambo halijatubiwa katika nyumba hii."

Baba alimtazama mama, kisha akamtazama mzee. "Anasikia, mzee," alisema. "Ulimi ndio umekwenda. Masikio anayo."

Tangu siku hiyo wageni walipungua, mpaka Jumapili zikawa zetu watatu tu. Baba alisoma Biblia kwa sauti, akafunga, akaenda kuchemsha maji ya kumwogesha mama. Wenzangu shuleni waliacha kunifuata nyumbani. Mama zao waliwakataza wasije kumsumbua mgonjwa, nami nilijua ni chumba chetu walichokiogopa. Nilipotoka shule nilikaa kitandani miguuni pa mama, nikamsimulia yote ya darasani. Alinitazama tu. Wakati mwingine machozi yalimtoka jicho la kushoto, nami sikujua kama analia au jicho lenyewe limechoka. Nilikuwa naye siku nzima, na nilimkumbuka kama mtu aliyesafiri.

Aliyeendelea kuingia, tena bila kubisha hodi, alikuwa Bi Mwanaidi wa chumba cha mbele, mjane wa Kizaramo. Siku moja alimwinua mama kichwa, akashika nywele zilizokuwa zimegandamana kwa kulalia mto. "Baba Aika," aliita, "mwanamke haachwi hivi. Lete kichana."

"Nifundishe nisuke mwenyewe," baba alisema. "Wewe magoti yanakusumbua, hutaweza kila wiki."

Bi Mwanaidi alicheka mpaka akakaa. Kisha akaona kwamba baba hachezi. Alimfundisha kugawa njia, kushika mafungu matatu, kuvuta bila kuumiza. Vidole vya baba vilizoea kitambaa. Kwenye nywele vilipotea. Alipomaliza mstari wa kwanza kuelekea kisogoni, aliuliza mtindo huo unaitwaje.

"Twende kilioni."

Baba aliachia nywele. "Nifundishe mwingine," alisema.

Mafundi wenzake wa barazani walipopata habari walimtania. Hata hivyo, kila Jumamosi baba alimketisha mama kati ya magoti yake, mvua ikipiga bati, akasuka huku akiimba taratibu wimbo wa kanisani wa Kichagga, wimbo wa shukrani. Jumamosi moja alikaribia mwisho wa ubeti akanyamaza kutafuta kichana. Mama akaumalizia. Neno moja, kwa sauti nyembamba, lakini limetimia: "Aika."

Nilimrukia. "Ameniita! Baba, mama ameniita!"

Baba alifunika uso kwa mikono yenye mafuta ya nazi. "Wimbo unaishia hapo, mwanangu," alisema. "Aika ni asante."

Nilijua. Ndiyo maana waliniita hivyo nilipozaliwa, wakiwa wamekwisha kukata tamaa ya kupata mtoto. Lakini nilimwinamia mama nikamwuliza, "Umeniita mimi, mama, au unamshukuru Mungu?" Alinitazama. Baba akarudia ubeti, naye akaumalizia tena vilevile, tena na tena, lakini nje ya wimbo hakuweza kulisema.

Mama alifariki wakati wa kipupwe. Tulimpeleka Kilimanjaro, na baba aliwakatalia shangazi zangu waliotaka kumfumua nywele.

Siku hizi ninaishi Upanga, ghorofani, na nyumba yetu ya Kariakoo imekuwa jengo refu la maduka. Muuguzi mmoja aliwahi kunieleza kwamba wagonjwa wa kiharusi huweza kuimba wasichoweza kutamka. Nilimshukuru, tulikuwa hatujui. Siku hizi mtu akiugua, pole na maombi humiminika kwenye simu kabla hajafika hospitali, na mimi pia huandika, kwa kuwa mbali si kosa. Ila akiwa wa karibu, mimi huenda mwenyewe. Nikifika sikimbilii kuomba kwa sauti. Namsalimia mgonjwa mwenyewe, kwa jina lake, hata kama hawezi kuitika, kisha nauliza ameoga saa ngapi, na nani atakuja kesho.