Toka Jikoni, Fundi

Mwanangu, jana uliporudi kutoka Iringa ukanieleza kwamba mteja alikutuma chai wakati tovuti uliyoitengeneza wewe inaonyeshwa kwa wageni wake, niliendelea kupepeta mchele. Usidhani sikujali. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa nimekumbuka siku moja ya Chimala, nikiwa na umri kama wako.

Kompyuta nilijifunzia hapahapa Mwanjelwa, kwenye kibanda cha intaneti nilichoajiriwa kuchapa barua za watu. Wateja wakipungua, nafungua tovuti za wengine, naangalia zilivyopangwa, najaribu kutengeneza zangu. Baba, Mungu amlaze pema, alitaka nikasome ushonaji. Alikataa weee, mpaka akachoka mwenyewe akanilipia chuo.

Basi, kikundi cha wakulima wa mpunga cha Chimala kikanipa kazi. Nilikwenda mashambani mwao, nikapiga picha, nikapanga kurasa moja baada ya nyingine. Na mwenyekiti wao tuliongea kwa simu tu. Siku ya uzinduzi nilikodi gari, na dereva, Ezekieli, akanisaidia kubeba projekta. Tulipoingia ukumbini mwenyekiti alinipita kama mlango, akaenda kumkumbatia Ezekieli.

"Karibu sana fundi! Tulikuwa tunakusubiri wewe tu!"

Ezekieli akacheka kwa aibu, akakalishwa kiti cha mbele. Mimi nikaunganisha mitambo, tovuti ikatokea ukutani. Ndipo mwenyekiti akanigeukia. "Ahsante binti. Sasa kawasaidie mama zako jikoni."

Nikaenda! Ndiyo mwanangu, nilikwenda. Ndivyo tulivyolelewa, mzee akikutuma unainuka.

Jikoni nilimkuta Bibi Atupele, mmoja wa wakulima niliowapiga picha. Nikamwamkia, nikachukua kisu nimenye vitunguu. Akaninyang'anya.

"Si wewe uliyetuhangaisha na kamera kule shambani?"

"Ndiyo, bibi."

"Sasa hiyo kazi yako nani anaionyesha?"

Nikamweleza habari ya dereva. Yule bibi aliwaka! "Toka jikoni kwangu! Wapishi tupo. Mimi nimeungua jua ili unipige picha, halafu unakuja kumenya vitunguu? Toka!"

Alinisindikiza mpaka mlangoni, mwiko mkononi.

Nikamkuta mwenyekiti anasema, "Fundi, hebu tufungulie pale penye bei za mchele." Ezekieli jasho linamtiririka. Nikapita katikati ya watu, nikachomoa waya wa projekta. Ukuta ukabaki mtupu.

"We binti, una wazimu?"

"Samahani, mwenyekiti. Fundi ni mimi. Huyu ni dereva. Kama mimi nakaa jikoni, basi na tovuti yangu itakaa jikoni."

Kumbe muda wote wa simu mwenyekiti alidhani mimi ni karani wa fundi! Hata jina hakuwahi kuniuliza, binti tu, binti. Siku hiyo aliniuliza, mbele ya watu wote, nami nikalitaja pamoja na la baba yangu. Ezekieli akaruka kunipisha kiti kama aliyekalia siafu. Nikakaa, nikarudisha waya.

Sikufichi, bado inaniuma. Watu wanataka tovuti yao ionekane dunia nzima, ila mwanamke aliyeitengeneza asionekane hata na wageni waliomo chumbani. Na haya tunayasema leo, wakati kila mtu ana simu mfukoni!

Jumatatu unarudi Iringa kuwakabidhi kazi. Waamkie wazee wao kwa adabu zote, chai yao kunywa. Jitambulishe mwenyewe kabla hujawasha kompyuta, jina lako na kazi uliyoifanya. Ukishakaa mbele ya kazi yako, usiinuke, hata akutume nani.

Mungu akutangulie, akupe sauti isiyotetemeka, na jina lako likae vinywani mwa watu kwa mema. Wakikutuma tena jikoni, chomoa waya, kisha nipigie simu. Nitakuja mwenyewe, na mwiko.