Karatasi ya Sigara Kwenye Fyuzi

Nilikuwa fundi wa magari kwenye kiwanda cha kupasua mbao huko Elburgon, na ubishi wangu ulijulikana hadi Njoro. Ukiniambia kazi yangu mbovu, tutakosana. Ndiyo maana kisa hiki nimekimeza miaka yote hii.

Tajiri wetu, Mzungu, alikuwa na gari la tangu kabla ya vita vya pili vya dunia. Mvua za masika zikianza, fyuzi ya taa iliungua kila mara, na nyingine mpaka iagizwe Nairobi. Nani alikuwa na subira hiyo? Sisi mafundi tulikuwa na dawa yetu: unachukua ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, unaivingirisha kwenye fyuzi iliyokufa, taa zinawaka. Mimi sivuti. Nilimwomba dereva wa tajiri, akairarua pakiti yake akanipa, tukacheka. Nilijua vizuri kwamba fyuzi huungua ili nyaya zisiungue. Nilijua, nikaweka.

Wiki mbili baadaye dereva alikuwa akiteremka kumchukua tajiri stesheni ya Nakuru, moshi ukafuka chini ya dashibodi. Aliuzima moto kwa koti lake na matope ya barabarani, mikono ikaungua. Tajiri hakuuliza mara mbili.

"Wewe vuta sigara, wewe choma gari yangu!"

Akampa mpaka Jumamosi aondoke. Siku zile za Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni, kufutwa kazi hakukuwa mchezo. Ukiwa na kipande, kile cheti cha kazi cha Mwafrika, kisicho na jina la mwajiri, unapakiwa kwenye lori na kurudishwa rizavu, ardhi tuliyotengewa sisi Waafrika, hata kama huko huna shamba wala ndugu. Yeye hakuwa na chochote huko.

Mimi nikaagizwa nibadilishe kibao kizima cha fyuzi. Jumatano nikafungua skrubu, na ile karatasi nikaikuta, nyeusi, imegandamana na shaba. Lo! Nyumba ya tajiri ilikuwa pale pale ng'ambo ya ua. Nikajiambia nitakwenda nikimaliza kazi. Nikafunga kibao kipya, waya mmoja mmoja, polepole kuliko nilivyowahi kufanya kazi yoyote, maana niliogopa kumaliza. Nikamaliza. Sikwenda. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane, nami nikajificha nyuma ya tumbo lake. Niliona haya, na bado ninaona.

Jumamosi asubuhi dereva alikuja gereji, mikono imefungwa vitambaa. Lori lilikuwa linangoja getini.

"Fundi, uliikuta?"

Nikaitoa mfukoni, nikamwonyesha. "Ndugu yangu, twende kwa tajiri sasa hivi. Nitamwambia."

"Sasa hivi?" Hakupandisha sauti, na heri angenitukana. "Nilijua tangu moshi wa kwanza. Lakini mimi ningesema, angeniona najitetea. Wewe fundi angekusikia. Tangu Jumatano nakungoja wewe."

Lori likapiga honi. Sanduku lake lilikuwa mlangoni, na kwa mikono ile hangeweza kulishika. Nikalibeba mimi mpaka kwenye lori.