Sauti Iliyosubiri Kuitikiwa

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa sijagusa pombe.

Nilitoka Mpanda na basi la alfajiri. Sumbawanga, Tunduma, Mbeya. Nikalala stendi, nikapanda tena kupita Uyole na Kiwira hadi Tukuyu, mwili umekuwa kama gunia lililopakiwa vibaya. Safari yote ile ya nini? Ya kumtafuta mtu ambaye sikuwahi kumwona. Nilikuwa na sauti yake tu.

Mimi ni fundi wa kushona viti vya mabasi. Ujana wangu umeishia kwenye kuhama gereji hadi gereji, na kwa kuwa kazi yenyewe haina maongezi, masikioni naweka vitabu vya kusikiliza. Kimoja nilirushiwa na dereva, kimesomwa na mzee mmoja. Hadithi yake ya kawaida: mtu ameondoka kwao kijana kwenda machimboni, sasa ni mtu mzima, anarudi kwa mama yake. Kitabu hichohicho nimewahi kukisikia kikisomwa na kijana wa studio. Alisoma safi, bila kosa, nikasinzia na sindano mkononi. Lakini huyu mzee! Alisoma kama anayekuletea habari za nyumbani kwenu. Alikuwa na lafudhi nzito ya Kinyakyusa, na mvua iligonga bati juu yake. Kila penye uzito alinyamaza kidogo, akingoja. Ukiongeza sauti ya simu ulimsikia mwanamke, kwa mbali, akijibu: "Ena." Ndiyo "naam" yao.

Shida ilikuwa sura ya mwisho. Haikuwemo. Yule mtu amefika mtoni, ng'ambo anaiona nyumba ya mama yake, halafu kimya. Sasa, mimi mama yangu yuko Kasulu, na sikuwa nimekanyaga huko tangu nilipoondoka. Nikajiwekea ahadi: huyu akivuka, nami nitakwenda. Utauliza, kwa nini nisimalizie kwa yule kijana wa studio? Nilimalizia. Alisema mtu yule alivuka. Sikumwamini. Nilitaka aniambie mzee.

Kila sura aliianza kwa kusema anasoma akiwa nyumbani kwake, Lufingo. Ndiko nilikokwenda kutoka Tukuyu. Mwenye bodaboda alinitazama akacheka.

"Bosi, na kikoti hicho? Huku mvua haibishi hodi."

Nyumbani kwa mzee nilimkuta mkewe, Mama Lugano, akimenya ndizi.

"Kalibu, baba. Unamtafuta mume wangu? Yuko hapo nyuma." Akaonyesha kwa kisu. Kwenye migomba kulikuwa na kaburi la vigae vyeupe.

Alinipa kigoda, akanieleza bila haraka. Marehemu alikuwa msomaji wa neno kanisani, na nyumbani alijirekodi kwa simu, mezani, yeye mkewe akiwa amekaa mbele yake na ndizi zake.

"Bila mimi hasomi. Kwetu mtu akisimulia, mwensake anaitikia. Ukikaa kimya, umemwambia anyamase. Nilipolaswa hospitali nikamwambia, malisia hiyo sula moja. Akasema, 'Nimsomee nani, ng'ombe?' Nimeludi, yeye hayupo."

Kisha akashusha sauti. "Mvua ikianza, anasoma. Anaishia palepale, anangoja. Mimi nauma ulimi. Wasee wanasema ukimwitikia malehemu, umekubali kukaa naye mpaka mwisho. Nina wajukuu mimi. Ukimsikia, baba, nyamasa."

Akachukua ndoo, akaenda kukamua.

Ukungu wa Rungwe unaujua? Unashuka kama mtu amefunga mlango. Migomba ikapotea, matone yakaanza juu ya bati, na sauti ile ikaja. Haikutoka kwenye simu, maana simu ilikuwa mfukoni, imezimwa. Ilitoka kwenye migomba.

"Akasimama kando ya mto," ilisema, "akaiona nyumba ya mama yake."

Ikangoja. Nikauma ulimi kama nilivyoagizwa. Ikarudia. Nilisogea nikaona mgongo wa mzee aliyekaa kwenye ukingo wa kaburi. Mvua ilikuwa inanyesha, na koti lake lilikuwa kavu. Akarudia mara nyingine, na safari hii sauti ilikuwa ya mtu anayeomba. Wewe ungefanyaje? Ungemwacha mtu yule mtoni?

"Ena," nikasema.

Akaendelea. Alivuka! Maneno yalikuwa yaleyale ya yule kijana wa studio, lakini safari hii nililowa magoti kwa maji ya mto, nikasikia moshi wa jiko la mama. Kila aliponyamaza niliitikia. Mwishoni akasema, "Ndaga," yaani asante. Ukungu ulipopungua, kaburini hapakuwa na mtu.

Nyuma yangu Mama Lugano alikuwa amesimama na maziwa yake.

"Umeitikia?"

Akakaa kizingitini, ndoo mapajani.

"Nimejisuia muda wote huu," akasema. "Kumbe alikuwa anamngoja mtu yeyote tu."

Usiku nilimweleza ahadi yangu ya Kasulu; asubuhi alinisindikiza hadi barabarani. Akaomba asikilize kidogo kabla sijaondoka, amsikie mumewe, na yeye mwenyewe wa wakati ule. Tukagawana visikilizio. Mzee akasoma, akanyamaza, na katika ukimya ule akajibu mwanamume: "Ena." Tukarukia sura nyingine. Mwanamume yuleyule. Sauti ilikuwa yangu, na ya mama yule haikuwepo popote.

Alichomoa kisikilizio, akakifuta kwa ncha ya khanga, akanirudishia.

"Nenda kwa mama yako, baba. Hapa usiludi."

Sikurudi. Niko Kasulu, nashona viti. Mvua ikipiga bati kitabu kinaanza tena, sura ya kwanza, na midomo yangu inaitikia kabla sijaizuia. Mama ananiuliza, "Mwanangu, unaongea na nani?"

Basi nawe unayependa vitabu vya kusikiliza: ukimpata msomaji hodari, anayenyamaza akakungoja, msikilize, ufaidi. Ila mdomo ufunge. Ukimya ule una mwenyewe.