Miaka Miwili kwa Bei ya Mmoja

Kabla kadi ile haijanifikia, habari za dunia nilikuwa nikizisoma vipande vipande. Mwarabu aliyetuuzia vipuri pale mtaani kwetu Buyenzi alinunua majarida ya Kifaransa yaliyokwisha kusomwa huko maofisini, akayachana na kufungia misumari na bolti. Mume wangu alikuwa fundi wa magari, na wa kutumwa dukani nilikuwa mimi. Kila kifurushi nilikifungua taratibu, nikaunyoosha ukurasa juu ya goti, nikasoma. Uhondo ukikolea tu, naambiwa habari inaendelea ukurasa wa nane. Nao ukurasa wa nane umeshaondoka na misumari ya mtu mwingine!

Siku moja nilishindwa kuvumilia, nikarudi dukani kuuliza.

"Ile ya munane nilifungia mutu wa Buterere," akasema yule mzee. "Anapiga mabati kule. Unataka umufwate?"

Nilimfuata kweli. Nilitembea mpaka kwenye mashamba ya mpunga, nikamkuta mtu yuko juu ya paa, karatasi yenyewe ameshawashia moto. Nilirudi na matope hadi magotini, nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani.

Basi fikiria nilivyoruka siku nilipofungua bolti nikakuta zimefungwa kwa kadi ngumu, safi, ya kuagizia jarida: lilelile, zima, kila wiki, miaka miwili kwa bei ya mmoja. Kadi irudishwe duka la vitabu mjini kabla ya mwisho wa mwezi. Zilibaki siku nne. Nilikimbia nyumbani huku bolti zikinidondoka njiani.

Miguu ya mume wangu ilikuwa imetokeza chini ya lori. Nikaisomea kadi yote.

"Radio iko," akajibu kutoka huko chini. "Habari ni ya bure."

"Radio inasema halafu inanyamaza. Mi nataka kusoma, nikipenda nirudie."

"Ile gazeti ikifika huku, habari itakuwa imeoza."

"Nitaikula ivyo ivyo imeoza!"

Akacheka, nami nikajua nimempata. Akajivuta nje, akafuta mikono, akaitazama kadi.

"Miaka mbili, mama watoto? Tutakuwa hapa?"

Tangu milio ya bunduki ianze kushuka kutoka milimani, kila nyumba ya mtaa wetu ilizungumzia kuhama. Dada yake alikuwa Kigoma, ng'ambo ya mpaka, na ameshatushikia chumba. Mimi sikutaka kwenda. Nilizaliwa barabara ya pili kutoka pale, lakini sikuwahi kumwambia waziwazi kwamba sitaki, na yeye hakuwahi kutaja siku ya safari. Tulinunua unga wa wiki moja tu. Nani angenunua kitu cha miaka miwili?

"Chukua ya mwaka moja," akasema.

"Bei ni ileile!"

"Ya miezi sita, basi."

"Hiyo hawana."

Tulibishana siku tatu, tukila, tukitoka kuswali alasiri, yeye kichwa kikiwa ndani ya injini na mimi nimesimama na kadi yangu. Majirani walinicheka: vita viko mlangoni, mwenzetu analilia gazeti. Nilicheka nao. Lakini nililitamani jarida lile kama mja mzito anavyotamani udongo, na nilianza kuona kwamba nikilikosa, basi na mji wenyewe tumeshauacha.

Siku ya nne asubuhi nilivaa mtandio, nikakaa kitandani na ile kadi. Mume wangu akaingia, amenawa kwa sabuni ya unga mpaka viwikoni, jambo ambalo kwa kawaida alilifanya Ijumaa tu. Akaomba kalamu.

Aliandika jina langu, si lake. Akaandika namba ya sanduku la posta, polepole, akiibonyeza kalamu kama anayechonga. Chini kulikuwa na visanduku viwili vya kutia alama, mwaka mmoja na miaka miwili. Akatia alama kwenye miaka miwili, akaupuliza wino ukauke.

Nilipiga kigelegele mpaka watoto wakaja mbio. Yeye hakucheka. Alinirudishia kalamu.

"Na wifi yako umuandikie," akasema. "Ile chumba aipatie watu wengine."